Haki ya Kubaki Lugohwa

Jumamosi, 14 Septemba

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo nikiwa studio. Ni mwaka wa sita nazungumza sheria redioni kila Jumamosi, na sijawahi kupigiwa simu nyingi kama leo.

Kesi ni hii. Mji umewapa watu wa Lugohwa, mtaa wa mlimani, siku thelathini waondoke. Nyumba kumi na saba zimepigwa msalaba mwekundu ukutani. Karatasi inasema mteremko ni wa hatari na zote zitabomolewa. Lakini watu hawa hawakuvamia. Kila mmoja ana cheti cha parseli yake, kile kiwanja alichojenga, na sahihi iliyo chini ya cheti ni ya Serikali ileile inayotaka kubomoa. Nikasema redioni bila kuzunguka: Katiba, kifungu cha thelathini na nne, mali ya mtu ni takatifu. Serikali ikiitaka kwa faida ya wote, imlipe mwenyewe kwa haki, tena imlipe kwanza.

Mji nao una jibu lake. Unasema hawachukui mali ya mtu, wanalinda maisha. Jengo likitaka kuangukia watu, wakubwa wana ruhusa ya kuliondoa bila kulipa. Jibu hilo lipo katika sheria, silikatai. Ila nani amesema majengo yanataka kuanguka? Mtumishi mmoja wa mji, Philémon, aliyepita mtaani na kopo la rangi. Nikamwita “bwana wa brosi,” kwa ile burashi yake ya rangi. Firmin, anayeshika mitambo, alicheka hadi akafunika mdomo.

Simu ya mwisho ilikuwa ya mzee, akaniita Maître, kama sisi avoka, yaani mawakili, tunavyoitwa hapa.

“Maître Séraphine, mi naitwa Grégoire, wa Lugohwa. Nilikuwa mwalimu miaka makumi tatu na mbili. Ulisema article trente-quatre?”

“Njo vile, papa.”

“Nimeiandika. Tutakuya ku bureau yako.”

Jumatatu, 16 Septemba

Wamekuja wanane. Papa Grégoire, koti limenyooka, vyeti vyote kumi na saba vimepangwa kwa namba za nyumba. Maman Godelive, mjane, muuza vitenge wa soko la Nyawera, alisema kwa niaba ya kila mtu hata pale ambapo kila mtu alikuwa ameshasema. Mke wa Grégoire, Maman Eulalie, alikaa karibu na mlango, mkoba magotini.

Nimekubali kesi. Ni kesi ambayo avoka huingoja.

Jumatano, 18 Septemba

Mvua. Nimeandika kutwa nzima.

Ijumaa, 20 Septemba

Bwana wa brosi amekuja mwenyewe ofisini. Mfupi, buti zina tope mpaka juu, ameziacha nje bila kuambiwa na kuingia na soksi.

“Maître, unanichekelea ku radio. Batoto yangu banasikia.”

“Ulipaka rangi nyumba za watu bila kuwasikiliza kwanza. Sheria haikubali vile.”

“Mi sikusoma droit, ile sheria yenu. Mi najua udongo. Kule Lugohwa udongo iko natembea. Kuya uone.”

“Nitaangalia dossier, faili yote ya kesi.”

“Dossier haitembeake, Maître.”

Akaweka mezani ripoti ya kurasa kumi na moja. Nikairudisha. Nilimwambia siwezi kupokea karatasi za upande wa pili mkono kwa mkono, zipitie kwa avoka wa mji. Kisheria nilisema kweli. Lakini daftari hili ni langu peke yangu, basi niandike na hili: sikutaka kuisoma. Kama hatari ni ya kweli, jibu la mji linasimama na langu linalegea.

Jumamosi, 21 Septemba

Kifungu cha thelathini na nne tena, saa nzima. Nikirudi, watu wa moto, wale wa pikipiki za abiria, pale Nyawera wamenipungia mkono: “Maman Article! Usibaachilie!” Nimefurahi kuliko inavyofaa.

Jumamosi, 5 Oktoba

Redioni, Lugohwa tena. Mvua kila alasiri sasa, saa nane mpaka saa kumi, kama mtumishi anayesaini kitabu cha zamu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Tumeshinda hatua ya kwanza, na ninataka kuandika jinsi tulivyoshinda.

Tuliomba mahakama isimamishe amri ya kubomoa mpaka kesi yenyewe isikilizwe. Ukumbi ulijaa watu wa Lugohwa. Avoka wa mji alisimama akaanza kusoma ripoti ya Philémon: kina cha udongo, maji yanayopita chini, nyumba tatu za juu zilizo hatarini kuliko zote. Nikaona majaji wawili wameacha kuandika na wanasikiliza. Hapo ndipo nikatazama ukurasa wa mwisho. Hakukuwa na sahihi. Mkuu wa Philémon alikuwa safarini Kinshasa na hakuna aliyesaini badala yake.

Nikasimama. Nikasema karatasi isiyo na sahihi ya mkuu si ripoti ya mji, ni maoni ya mtu binafsi, naomba itolewe katika kesi. Avoka wa mji akatafuta kwenye faili, akatafuta tena. Majaji wakanong'onezana. Ikatolewa.

Bila ripoti, mji haukuwa na kitu mkononi ila rangi ukutani. Amri imesimamishwa.

Nje walinibeba kwa sauti. Maman Godelive alinifunga kitenge kipya kiunoni mbele ya watu wote. Papa Grégoire alinishika mikono miwili, akasema taratibu kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi aliyempenda: “Vizuri sana. Vizuri sana.” Philémon alipita pembeni yetu na kurasa zake kumi na moja chini ya kwapa. Hakunitazama.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimewaambia redioni: “Kaeni nyumbani mwenu. Ni haki yenu.”

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimepanda Lugohwa kwa mara ya kwanza. Ndiyo, ya kwanza. Niliitetea mwezi mzima kwa karatasi. Walinialika kula kwa Papa Grégoire: ugali, sombe ya majani ya muhogo, dagaa wa sambaza wa kukaanga. Ni nyumba ya mawe, safi, na kila jiwe mzee alinieleza limetoka wapi. Miaka kumi na tisa ya kujenga.

Baada ya chakula Maman Godelive, jirani yake, akanionyesha mlango wake wa nyuma usiofungika. “Mvua inavimbisha mbao,” akasema akicheka. Nikapita nyuma ya nyumba. Kuna ufa ardhini, unatoka kwake na kuingia uani kwa Grégoire. Niliingiza mkono ukazama mpaka kifundo. Vijiti vya Philémon vya kupimia vimesimama pande mbili, vimetiwa alama. Nikamuuliza mzee.

“Ile? Nazibaka kila asubuhi na udongo. Inakunywa, nazibaka tena.”

Maman Eulalie alikuwa anaosha sahani. Akaniuliza kwa sauti ndogo, bila kuinua kichwa:

“Maître, weye unalala wapi?”

“Nguba, maman.”

“Kule chini udongo iko inakamata?”

“Inakamata.”

“Aa,” akasema. Akaendelea kuosha.

Jumapili, 20 Oktoba

Misa sikuisikia. Nimekwenda na kurudi barazani mpaka dada yangu Chantal akaniuliza nimepoteza nini.

Nikiwaambia wateja wangu ondokeni, avoka wa mji ataandika kesho yake: hata wao wamekiri hatari. Kesi imekufa, na watabaki bila nyumba na bila fidia, kwa sababu mji haujawaandalia hata hema. Nikinyamaza, ufa utaendelea kunywa udongo. Kitabu cha maadili ya kazi yetu kinanikataza kuharibu kesi ya mteja wangu. Nimekisoma chote leo. Hakina neno juu ya mkono unaozama ardhini.

Jumamosi, 26 Oktoba

Redioni nimezungumzia vyeti vya kuzaliwa. Mtu mmoja alipiga simu kuuliza habari za Lugohwa. Nikasema kesi iko mbele ya mahakama, tusiiseme. Wiki mbili zilizopita ilikuwa mbele ya mahakama pia, na niliisema.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya marehemu. Mvua siku tatu bila kupumua. Kipindi hakikurushwa, umeme ulikatika. Nilishukuru.

Jumanne, 5 Novemba

Nimemkuta Philémon huko juu, amechuchumaa katika manyunyu, anapima kati ya vijiti vyake kwa utepe. Kesi alishaipoteza, hakuna aliyemtuma.

“Nipe ile ripoti,” nikamwambia.

“Ile ulitupa inje?”

“Ile.”

Hasira ilimpita usoni, nikaiona inapita. Kisha akaitoa kwenye mfuko wa koti, imekunjwa. Nimeisoma nimesimama chini ya bati la Godelive, kurasa zote. Haina ujanja. Haimtetei mtu. Inasema tu maji yanaingia wapi na hayana pa kutokea.

“Ilikosa nini?” akaniuliza. “Juge alisema ilikosa nini? Sikuelewa ile français.”

“Sahihi.”

“Sahihi tu?”

“Sahihi tu.”

Akarudi kwenye utepe wake. Tangu alipopima Oktoba, alisema, ufa umeongezeka vidole vinne.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimemwita Papa Grégoire ofisini peke yake. Nikamwambia waondoke kwa muda, mpaka mvua iishe.

“Kama tukitoka, mji utasema nini mbele ya juge?”

“Utasema mmekubali kwamba kuna hatari.”

“Na procès, kesi yetu?”

“Inaweza kupotea.”

“Basi unaniomba nipoteze.” Hakupaza sauti. “Maître, sikia. Serikali ilijua ule mulima mbele yangu. Ilipima, ikaweka cachet, muhuri yake, ikakamata mukono wangu, ikasema: jenga. Leo inasema, toka, bila kusema enda wapi. Mi niko na miaka makumi sita na munane. Nikitoka na mikono mitupu, nani atarudi kuniita? Ulitufundisha weye mwenyewe: kwanza balipe, kisha tutoke. Kwanza. Ulirudilia mara mbili.”

“Papa, ufa umeongezeka.”

“Nazibaka,” akasema.

Kila neno lake lilikuwa sahihi. Nilimsindikiza mpaka ngazini. Aliniombea baraka.

Jumamosi, 9 Novemba

Dakika ya hamsini, simu. Hakutaja jina, lakini sauti niliitambua kabla hajamaliza salamu.

“Maître, bwana yangu anasema tubakie. Mi naogopa. Bibi anaweza toka mu nyumba bila ruhusa?”

Firmin akanitazama. Nikasogea karibu na kipaza sauti.

“Maman, sheria ya familia ilibadilishwa mwaka elfu mbili na kumi na sita. Mahali pa kukaa mke na mume wanapachagua wawili, kwa kupatana. Mmoja hamwamrii mwingine. Na pakiwa na hatari ya maisha, hakuna ndoa inayokufunga mguu. Unaweza kutoka leo. Hutapoteza ndoa, hutapoteza sehemu yako.”

“Leo?”

“Leo, maman.”

Akashukuru, akakata. Nilibaki na dakika tano. Nikazitumia. “Na hii ni kwa kila mtu wa Lugohwa. Mahakama imeukataza mji kubomoa. Haikuwakataza ninyi kuondoka. Mna haki ya kubaki, lakini hakuna sheria inayowalazimisha kuitumia. Mimi nimeuona ule ufa. Tokeni. Kesi niachieni mimi.”

Mbele ya wasikilizaji wote nilikuwa nimeiharibu kesi ya wateja wangu mwenyewe. Nimerudi nyumbani nikala sahani nzima, mara ya kwanza tangu niuone ule ufa.

Jumapili, 10 Novemba

Maman Eulalie ameondoka jana hiyohiyo, na cherehani yake, kwa dada yake kule Miti. Wanawake wanane wamemfuata, na wanawake wakiondoka sufuria huondoka, na sufuria zikiondoka waume hawakawii. Nyumba tisa zimebaki na watu.

Papa Grégoire amenipigia.

“Maître, umenivunjia nyumba mbele ya mji.”

Nilitaka kueleza. Alikuwa ameshakata.

Alhamisi, 14 Novemba

Pale Nyawera watu wa moto hawakunisalimu. Mmoja alisema, si kwangu, lakini nisikie: “Mji ulimupa kitu, ule.” Maman Godelive amenirudishia maneno makali kwa simu, kisha akaniambia amehamisha vitenge vyake kwa mdogo wake, “ju ya unyevu tu.” Zimebaki nyumba nne.

Jumatatu, 18 Novemba

Tatu. Mvua.

Jumatano, 20 Novemba

Grégoire peke yake. Philémon amekwenda kumsihi mara mbili. Mzee alimkaribisha, akampa kiti, akamsomea kifungu.

Alhamisi, 21 Novemba

Imeanza alfajiri na haikungoja saa nane yake ya kawaida. Nilikuwa mahakamani kwa kesi nyingine, kama saa tisa alasiri, wakati simu ilipotikisika mfukoni mara tatu mfululizo. Namba ya Philémon. Nilimwomba radhi jaji nikatoka na joho langu.

Mtu wa moto aliyenichukua hakuniuliza bei wala jina. Barabara ya chini ilikuwa mto. Mwisho wa barabara nikashuka, nikapanda kwa miguu, nikishika majani.

Nilikuwa nimejiandaa kuona nyumba zimeanguka. Hazikuanguka, hazikuwepo. Mahali pa nyumba tatu za juu, ya Godelive, ya Grégoire na ya jirani yao, palikuwa na udongo mwekundu, laini, umelala kama kitu kilichokuwa hapo siku zote. Chini zaidi, bati moja limesimama wima. Hakukuwa na kelele. Watu walifika, wakaanza kuchimba.

Maman Godelive alikuwa sokoni. Alikuja mbio, akaona, akakaa chini kwenye tope na kitenge chake kizuri. Akawa anahesabu majina kwa vidole, wa nyumba zote kumi na saba, na kila jina mtu alimjibu: yuko kwa fulani, yuko Kadutu, yuko kwa shemeji. Alipofika kwa Grégoire hakuna aliyejibu.

Philémon alikuwa amezama mpaka magotini, anachimba na kupiga kelele watu wasisimame upande wa juu. Aliponiona alinyoosha mkono. Alinipa beseni. Nikavua joho, nikaingia kwenye mstari wa wabeba tope. Tumebeba mpaka giza lilipotufukuza.

Naandika haya mikono ikiuma, na naona haya kulalamika juu ya mikono.

Ijumaa, 22 Novemba

Wamempata saa nne asubuhi, mahali palipokuwa mlango wake. Alikuwa amevaa koti na viatu.

Wengine wanasema alikuwa anatoka. Wengine wanasema alikuwa anarudi kuziba ufa. Maman Eulalie alifika kutoka Miti, akamtazama miguu kabla ya uso. “Mu nyumba havalake viatu,” akasema. “Hata siku moja.”

Jumapili, 24 Novemba

Mazishi. Nilisimama nyuma. Hakuna aliyenifukuza, na hilo lilikuwa gumu kuliko kufukuzwa.

Jumamosi, 30 Novemba

Nilikaa mbele ya kipaza sauti na sikuweza. Firmin akaweka muziki saa nzima.

Jumanne, 3 Desemba

Mji umepeleka waandishi wa habari kule juu ili mkubwa mmoja aseme, “Tuliwaonya.” Philémon hakuwepo. Nimeambiwa alikataa kwenda kusimama nyuma ya mkubwa wake. Nimemwandikia barua ya kuomba radhi kwa lile la brosi. Si barua ndefu. Nitaisema pia redioni, kwa kuwa kosa nililifanyia redioni.

Alhamisi, 12 Desemba

Hukumu imesomwa. Mahakama zetu, ambazo kesi ndogo huilaza mwaka, safari hii zimekimbia.

Tumeshinda.

Amri ya mji imefutwa yote. Hakukuwa na uchunguzi uliosainiwa, wenye mali hawakusikilizwa, hawakuonyeshwa pa kwenda, hawakulipwa kwanza. Majaji wameandika kwamba kama mji uliamini hatari ni ya kweli, ulipaswa kuithibitisha na kuwahamisha watu kwa heshima. Haukufanya hata kimoja. Ni hukumu nzuri. Ningekuwa mwanafunzi ningeikariri. Kila sentensi yake ni hoja yangu, na karibu kila hoja ni kweli, na mji unastahili kila neno. Nimeisoma mara tatu katika korido, nimesimama, kwa kuwa kukaa sikuweza.

Jumamosi, 14 Desemba

Asubuhi redioni nilimwomba Philémon radhi kwa jina lake, kisha nikasema mimi ndiye niliyeomba ripoti yake itolewe, na kwa nini. Simu hazikuita kwa muda. Halafu ziliita zote.

Mchana nimekwenda Miti. Maman Eulalie alikuwa shambani kwa dada yake, anapalilia maharagwe, ardhi tambarare, jua kali baada ya mvua. Nikamwambia hukumu imetoka na yeye ana haki ya nakala.

“Soma.”

Nikaisoma yote, kurasa tisa, nikiigeuza kutoka Kifaransa neno kwa neno, nimesimama kwenye mfereji na viatu vya mjini. Alisikiliza akiegemea jembe. Nilipomaliza akauliza:

“Kwa hiyo Grégoire alikuwa na haki.”

“Ndiyo, maman. Alikuwa na haki.”

“Na mi, kutoka? Mi pia nilikuwa na haki?”

“Nawe pia.”

Uso wake haukuwa na hasira. Ningependa ungekuwa nayo.

“Haki ya kubakia ulitufundisha mwezi muzima,” akasema. “Ya kutoka, dakika tano.”

Akainama, akaendelea na mstari wake. Dada yake aliniletea jembe la pili bila kuniuliza kama nalitaka, nikavua viatu, nikaanza kwenye mstari wa pembeni yake. Tulipalilia mpaka mwisho wa shamba.